Kamera ya betri za AA au ya betri ya lithiamu?
Ndugu yangu, umeuliza ni kamera ipi itakufaa kupiga picha Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ya betri za AA au ya lithiamu. Mimi ningechukua ya lithiamu pamoja na betri ya akiba iliyochajiwa kabla ya kupanda boti Kigoma. Lakini ukikusudia kulala siku kadhaa katika vijiji vya ziwani pasipo umeme, AA hupatikana hata kwenye duka dogo, ingawa zile za alikali huisha upesi mno, hivyo tangulia na za nikeli za kuchaji, zenye volti 1.2. Wingi wa megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, usikushughulishe. Chunguza zaidi uwezo wa lenzi yenyewe kuvuta kitu cha mbali, kwani ukuzaji wa kidijitali hukata picha na kuipanua tu, na sokwe aliye juu mtini hutoka amefifia.