Maziwa ya nyati maji yenye lebo ya "A2": jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu uliyeko Dubai, umeuliza kama maziwa ya nyati maji yenye lebo ya "A2, yamepimwa jeni" yanastahili bei kubwa kuliko ya nyati mengine. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu nalitoa kwenye miaka miwili niliyosoma Karnal, jimbo la Haryana, India, nikishinda maabara na DNA ya nyati aina ya Murrah, wale weusi wenye pembe zilizojikunja.

(Kabla hamjachanganya: huyu si mbogo wetu wa Serengeti. Mbogo ana kromosomu 52, Murrah ana 50, na hawazaliani.)

Kelele zote za A1 na A2, kwamba maziwa ya A1 yanaleta magonjwa na ya A2 ni salama, zinatokana na aina mbili za beta-kaseini, protini ya maziwa yenye asidi amino (vijenzi vya protini) 209 zilizopangwa kwa mstari. Ng'ombe wa A2 ana asidi amino iitwayo prolini katika nafasi ya 67, wa A1 ana histidini. Ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika, na ilibadilika kwenye ukoo wa ng'ombe, muda mrefu baada ya mababu wa ng'ombe na wa nyati kuachana. Nyati amebaki na prolini yake. Kwa hiyo anayekuuzia "nyati A2" anakutoza hela kwa kitu ambacho nyati huzaliwa nacho. Na habari ya A1 kuleta magonjwa, EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilipitia tafiti mwaka 2009 na haikupata uthibitisho kwamba ndiyo chanzo.

Mimi lakini nilikuwa nashughulika na kapa-kaseini, protini nyingine ya maziwa, inayoamua maziwa yatagandaje ukitaka jibini. Ng'ombe wana aleli, yaani matoleo ya jeni hiyo, A na B, na B ndiyo inayopendwa na watengeneza jibini. Unazidisha kipande cha jeni kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), unakikata kwa kimeng'enya HindIII, unakipitisha kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa ukubwa na kuvionyesha kama mistari. Aleli B inakatika, A haikatiki. Wiki ya kwanza nyati wangu wote walikatika sawasawa. Wiki ya pili vilevile. Nikaamini nimechafua sampuli, nikarudia kutoa DNA upya, usiku mzima, kwenye lile joto la Mei. Mistari ileile. Mwalimu wangu akaniambia niweke DNA ya ng'ombe pembeni. Nikaweka, na ng'ombe wakatofautiana palepale mbele ya macho yangu. Kumbe vipimo vilikuwa sahihi tangu mwanzo: katika nafasi ya 148, ambapo ng'ombe hutofautiana, nyati wote niliowapima walikuwa na asidi amino ya alanini, kama ng'ombe wa B.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa tunalofanya wengi, la kumpima nyati kwa ramani ya ng'ombe. Tofauti nyati anazo, ila ziko kwingine. Kwa nyati wa Italia, wale wa jibini la mozarela la Campania, kapa-kaseini hutofautiana nafasi ya 135, wengine treonini, wengine isoleusini. Alfa-s1, kaseini nyingine, nayo hutofautiana nafasi ya 178, lusini au serini. Jeni hizi za kaseini zimekaa jirani kwenye kromosomu moja, kwa hiyo hurithiwa kwa pamoja, na mchanganyiko wake una uhusiano na kasi ya maziwa kuganda. Mfugaji wa jibini akichagua dume kwa kuangalia nafasi hizo, hapo namwelewa kabisa.

Wewe mnywaji, angalia mafuta. Ya nyati hufika asilimia 7 hadi 8, na maziwa yenyewe ni meupe kabisa, hayana umanjano wa karotini. Kipimo cha A1 nacho kina kazi moja ya maana hapa: A1 ikionekana kwenye maziwa yanayoitwa ya nyati, ujue yamechanganywa na ya ng'ombe. Isipoonekana usijiaminishe bado, maana ng'ombe wengi wa nundu wa India nao ni A2.

Ukipata picha ya lebo iweke hapa tuione.