Viambishi vya Kiingereza: acha kukariri orodha, anza na pengo lenyewe

Mkuu, umesema umekariri viambishi zaidi ya 60, vya awali na tamati, lakini ukiwekewa sentensi yenye pengo bado unaandika "unpossible" na "happyness", na unauliza ufanye mazoezi gani. Nimepita hapo hapo. Nilikuwa na daftari zima, kushoto kiambishi, kulia maana yake, na nikikaa kwenye mtihani nakwama vilevile. Kilichonitoa ni kuiweka orodha kando na kuanza kulisoma pengo lenyewe.

Chukua sentensi hii: "Nobody could explain the ____ of the money from the locked drawer." Umepewa neno APPEAR. Aliyekariri orodha ataanza kujaribu viambishi kimoja kimoja. Wewe tazama kwanza majirani wa pengo. Kabla yake kuna "the", baada yake kuna "of", kwa hiyo hapo panataka nomino. Nomino ya "appear" ni "appearance". Usiandike bado. Rudi kwenye maana: droo imefungwa, pesa, hakuna anayeweza kueleza. Pesa hizo hazijatokea, zimetoweka. Basi jibu ni "disappearance". Sasa ndipo uangalie tahajia: s moja, p mbili, mwisho ni -ance kwa a.

Aina ya neno, halafu maana, halafu tahajia. Nilikuwa naitamka safari hiyo kwa sauti kwa kila pengo, hata lile rahisi, hadi ikawa mazoea. Hatua ya maana ndiyo iliyokuwa ikiniangusha zaidi, maana napata nomino safi kabisa halafu nasahau kwamba sentensi inataka kinyume. Kama unajiandaa na mtihani wa Cambridge wa B2 First, sehemu ya 3 ya Reading and Use of English ina mapengo 8 ya namna hii, na neno sahihi lililokosewa tahajia halipati alama.

Tuje kwenye "unpossible" yako. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna msaada mkubwa ambao hatuutumii. Ubao ukiwa mwingi tunasema mbao, ulimi ukiwa mwingi tunasema ndimi. Hakuna aliyetufundisha kwamba ile n ya wingi hugeuka m mbele ya b, au kwamba l hugeuka d baada ya n. Kinywa chenyewe kinatafuta urahisi. Kiambishi in- cha Kiingereza kinafanya jambo la aina hiyo hiyo: mbele ya p, b na m kinakuwa im-, kama "impossible", "imbalance" na "immature". Mbele ya l kinakuwa il-, "illegal". Mbele ya r kinakuwa ir-, "irregular". Un- yenyewe haibadiliki tahajia, ndiyo maana utakuta "unpopular", "unlike" na "unreal".

Utauliza, sasa nitajuaje neno linataka un- au in-? Hapa ndipo palinichukua muda mrefu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Un- ni ya Kiingereza cha asili. In- ilitoka Kilatini, na maneno mengi ya ukoo huo yaliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Koo hizo mbili zimechanganyika hata ndani ya familia moja ya maneno. Mtu asiyeweza ni "unable", lakini kutoweza kwenyewe ni "inability". Kisicho sawa ni "unequal", hali yake ni "inequality". Kisichotulia ni "unstable", hali yake ni "instability". Kisicho cha haki ni "unjust", udhalimu ni "injustice". Utaona kivumishi kimechukua un-, nomino ikachukua in-. Si kanuni ya kushika maisha yote, lakini nilipoiona mara ya kwanza niliacha kushangaa kwa nini majibu yangu yalikuwa yanapigwa mkasi. Tangu siku hiyo sikuandika tena neno moja moja. Naandika familia nzima, na kiambishi cha kukanusha kinakaa kwa kila mwanafamilia peke yake: "decide", "decision", "decisive", "indecisive", "undecided". Hao wawili wa mwisho si ndugu wa kubadilishana. "Undecided" bado hajaamua jambo fulani, "indecisive" ni mtu ambaye kuamua kunamshinda kwa tabia.

Kuna kitu kingine kuhusu un- ambacho sikukiona kwenye orodha yoyote niliyokariri. Ikikaa kwenye kivumishi inakanusha: "happy", "unhappy". Ikikaa kwenye kitenzi mara nyingi inatendua. Linganisha kunja na kunjua: "fold", "unfold". Vaa na vua: "dress", "undress". Funga kamba na ifungue: "tie", "untie". Kufungua si kutofunga, ni kurudisha nyuma kilichofanyika. Ukilishika hilo hutakosea kutafsiri "unlock" milele. Vivyo hivyo -er na -ee: "employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa. Na -able mara nyingi ni ile -ika yetu, "readable" ni maandishi yanayosomeka.

Ila usiunde neno kwa kubahatisha. Niliwahi kuandika kwenye insha kwamba swali lilikuwa "uneasy", nikimaanisha si rahisi. Mwalimu akalizungushia duara. "Uneasy" ni mwenye wasiwasi, asiyetulia moyoni. Na "invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni chenye thamani kubwa mno. Kisicho na thamani ni "worthless". Kila neno jipya unalodhani umeliunda, lifungulie kamusi kabla ya kulitumia.

Tahajia nitaipitia haraka. Kiambishi awali hakigusi mzizi: dis- na "satisfied" zinaleta s mbili, un- na "necessary" n mbili, mis- na "spell" s mbili. Kiambishi tamati ndicho kinachovuruga. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka i, ndiyo "happiness" yako. E ya mwisho hudondoka mbele ya irabu, "use" ikawa "usable", lakini inabaki kwenye "noticeable" na "courageous" ili c na g zisibadilike sauti. Na -ful ina l moja.

Sasa zoezi lililonifaa kuliko yote. Chukua aya moja ya Kiingereza unayoielewa vizuri, mistari kama 10. Inakili kwa mkono. Kila unapokuta neno lenye kiambishi, acha pengo na mwishoni mwa mstari andika mzizi wake tu: "unexpected" iwe EXPECT, "strength" iwe STRONG. Iweke siku tatu bila kuigusa. Kisha ijaze kwa zile hatua tatu, ndipo ufungue aya ya asili ulinganishe. Kosa lolote linaingia daftarini kama familia nzima, na kila mwanafamilia apate sentensi yake.

Ukimaliza, zisome hizo familia kwa sauti. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unahama kila neno linaporefuka: SOma, soMEsha. Kiingereza nacho kinahama, ila inategemea kiambishi. -ness, -ful, -less na -ment haviusogezi. -ic, -tion na -ity kwa kawaida vinauvuta hadi silabi inayovitangulia, "Able" lakini "aBIlity". PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAPHic: yatamke matatu hayo mfululizo mara kadhaa, usikie mkazo unavyotembea.

Anza na aya moja wiki hii, usizidishe. Ukikwama kwenye pengo lolote libandike hapa pamoja na sentensi yake nzima, tuliangalie pamoja.