Kutoka Kuuza Safari za Mang'ola Hadi Kulima Vitunguu Vyake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa kike ambaye mkataba wake wa kazi umesitishwa baada ya miaka sita ya kukaa mezani. Aliandika: "Dada, nyinyi mliofanikiwa mnatuambia tutoke kwenye mazoea, lakini hamsemi mtu anatokaje akiwa na kodi ya nyumba na mtoto wa shule." Niliusoma mara tatu, kisha nikaona aibu, kwa sababu picha ninazoweka mtandaoni ni za magunia ya vitunguu yaliyokwisha kushonwa na kupakiwa, wala sijawahi kuweka hata moja ya msimu wangu wa kwanza. Leo nitausimulia msimu huo.

Kwa miaka minane nilikuwa mpangaji wa safari katika kampuni moja ya utalii mjini Arusha. Nilijibu barua pepe za wageni, nikapanga siku zao kuanzia Tarangire hadi Serengeti, nikahakikisha vyumba na magari vinapatikana. Waliotaka kuwatembelea Wahadzabe niliwawekea usiku mmoja kando ya Ziwa Eyasi, na katika ratiba yao niliandika sentensi ileile niliyoirithi kwa aliyenitangulia, kwamba baada ya Karatu barabara ni ya vumbi, hivyo wajifunike mdomo na pua. Mang'ola yenyewe, eneo la wakulima kando ya ziwa hilo ambalo vitunguu vyake vinafika hadi Kenya, sikuwahi kuiandika hata kwa mstari mmoja. Kwangu mimi palikuwa ni hilo vumbi.

Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, tena papa hapa Arusha. Katikati ya Aprili ndege za kimataifa za abiria zilisitishwa, na ingawa anga lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, wageni wenyewe walikuwa wamefungiwa makwao. Nchi iliyopokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 iliambulia laki sita na ushei mwaka uliofuata. Mimi anguko hilo nililiona kwenye barua pepe zangu, ambazo zamani zilijaa maulizo kila asubuhi na sasa zilileta maombi ya kurudishiwa amana peke yake. Nilipomaliza kuyajibu yote, niliachishwa kazi kwa ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi saa mbili usiku, nikiwa naosha vyombo. Hakuna aliyenipigia simu. Nimekwisha kusamehe, ingawa walio karibu nami wanasema kila ninapoisimulia habari hii sauti yangu hupanda.

Miezi miwili iliyofuata niliamka, nikavaa nguo za kazini, nikafungua kompyuta na kukaa mbele yake kana kwamba kuna mtu angeniandikia. Akiba yangu ya shilingi 3,400,000 ilikuwa ikipungua kwa kodi na chakula huku nikijiambia kwamba ninasubiri hali itulie. Aliyenitoa hapo ni dereva mmoja tuliyefanya naye kazi, ambaye naye alikuwa ameachishwa na sasa alikuwa akisafirisha vitunguu kutoka Mang'ola. Aliniambia nije nione kwa macho kabla sijaimaliza akiba yangu nikiwa nimekaa kitako.

Nikaenda. Nikakodi nusu ekari pamoja na zamu ya maji ya mfereji, nikanunua mbegu, na mwishoni mwa Juni nikasia kitalu. Wakati huo wote nilijiona mjasiri sana. Nilidhani kazi ngumu ya kutoka kwenye mazoea ni ile ya kufunga mizigo na kuondoka, kumbe hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, kwa kuwa huifanya mtu mara moja na watu wakamsifu.

Sehemu ngumu ilinikuta katikati ya Agosti, siku ya kuhamishia miche kwenye majaruba. Mama mmoja wa Kiiraqw, mwenye shamba linalopakana na langu, alisimama akanitazama nikipanda mstari mzima, kisha akauliza kwa upole kama ninapanda vitunguu au ninavizika. Nilikuwa nimeishindilia miche chini kupita kiasi. Akapiga magoti tukang'oa mstari wote, akanionyesha jinsi ya kuipachika juujuu ili kitunguu kipate nafasi ya kutanuka. Vibarua walikuwa wakicheka kwa lugha nisiyoielewa. Mimi niliyekuwa nikipanga safari za watu waliotoka Ujerumani na Marekani, nilikuwa nafundishwa kutumbukiza mche kwenye tope na mtu ambaye gari letu lilimpita kwa miaka minane likimwachia vumbi. Usiku ule nililia, na sikuwa nalilia kazi niliyoipoteza.

Ushauri wa yule mama niliufuata katika kupanda na kupalilia, lakini kiburi kilinirudia karibu na mavuno. Aliniambia kwamba majani yakianza kulala nikate maji, vitunguu vikauke ardhini kabla ya kung'olewa. Mimi nilikuwa nimelipia zamu zangu zote, nikaona ni hasara kuyaacha maji yapite, nikaendelea kunyweshea. Nilipong'oa mwanzoni mwa Desemba, shingo za vitunguu zilikuwa bado mbichi, na kabla havijakauka vizuri mvua ikavinyeshea vikiwa vimelazwa shambani. Vingi vilioza. Vilivyobaki vilijaza magunia 27 ya lumbesa, yale yanayoshonewa kilemba juu, kwa kuwa dalali alikuja na magunia yake na sikuthubutu kumwambia kwamba sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Bei niliyoipigia hesabu nikiwa Arusha ilikuwa shilingi 110,000 kwa gunia. Siku ile lilinunuliwa kwa 38,000. Nilipata shilingi 1,026,000 kutoka kwenye shamba lililonigharimu 1,350,000.

Mwaka 2021 wageni walianza kurudi, na ile kampuni ikawaita wenzangu kazini mmoja baada ya mwingine. Sikuitwa. Sababu sikuambiwa, nami sikuuliza, jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa heshima au woga. Asubuhi moja ya msimu wangu wa pili, nikiwa natengeneza majaruba, niliona gari lenye nembo ninayoifahamu likija kutoka upande wa Karatu. Niliinama nikajifunika kanga mpaka usoni, nikabaki hivyo hadi lilipopita. Yule mama akapaza sauti kutoka kwake, "Umeangusha nini, mwanangu?" Nikamjibu kwamba sijaangusha kitu, naye akarudi kwenye kazi yake.

Nimelitafakari swali lake kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Kweli sikuwa nimeangusha kitu. Nilikuwa mtu mzima anayefanya kazi yake mchana kweupe, na bado nilijificha kana kwamba nimeshikwa nikiiba. Kuanzia siku ile sikuinama tena. Misimu miwili iliyofuata sitaisimulia, maana ilikuwa kupanda, kupalilia, kupulizia dawa, na kuamka usiku wa manane kwa sababu maji hayangoji mtu. Leo ninalima ekari tatu, nina banda la kuhifadhia vitunguu bei inapolala, na nina mizani yangu mwenyewe. Mnunuzi asiyetaka kununua kwa kilo namtakia safari njema.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, la kwanza ni kukubali kufundishwa. La pili ni kukubali kufundishwa hata pale unapodhani umekwisha kujua, kwa sababu hasara yangu kubwa ilitoka hapo, wala haikutoka kwenye korona. Wasomi wengi niliowaona wakija Mang'ola huja na hesabu zilizopangwa vizuri kwenye simu, wakazungumza na dalali kabla ya kuzungumza na mkulima, na baada ya msimu mmoja wanarudi mjini wakisema kilimo hakilipi. Kilimo kingewalipaje, ikiwa waliona haya kumwuliza mtu aliyekaa nacho miaka thelathini? Anza na kidogo. Mimi nilianza na nusu ekari, na kama ningeshawishika kukodi ekari tatu mwaka ule, leo nisingekuwa na neno la kukuandikia. Na usijifunike kanga.

Najua bado sijalijibu swali lako la kodi na mtoto, na huenda ndilo ambalo sisi tunaojiita wenye mafanikio hulikwepa. Jibu langu halipendezi. Nilihama nyumba ya vyumba viwili nikahamia chumba kimoja, vyombo vyangu vingine nikaviuza kwa jirani, na binti yangu nikampeleka kwa mama yangu Moshi, akakaa huko mwaka mzima. Alipokuwa akinipigia simu aliniuliza kama vitunguu vimekwisha kukua. Mama hakuwahi kunilaumu, lakini alinikumbusha mara kwa mara kwamba si kila mtu ana mama wa kumwachia mtoto, nami nakukumbusha wewe pia kabla hujaiga hatua zangu. Kama huna wa kumwachia, tafuta jambo unaloweza kulianza ukiwa nyumbani kwako, hata likiwa dogo kuliko nusu ekari.

Ikiwa unataka kuona kwa macho kabla ya kuamua, kama nilivyoambiwa mimi, karibu. Kitalu changu cha msimu huu kinakaribia siku arobaini na tano na vibarua wa kupanda hawatoshi, kwa hiyo utafanya kazi. Wa kukufundisha atakuwa yule mama, kwa kuwa mimi bado nazamisha miche nikiwa na haraka. Panda gari la asubuhi hadi Karatu, hapo utapata la kukuleta Mang'ola. Njoo na viatu vya tope na kanga ya kujifunika mdomo na pua, maana baada ya Karatu barabara ni ya vumbi.