Nikishuka kwenye basi kiuno kimekaza

SWALI: Nikisafiri kwa basi usiku kucha, nashuka kiuno kimekaza, hata kuinama kufunga kamba za viatu siwezi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kinachokutesa hasa ni kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi. Kunja sweta, uliweke kwenye uwazi wa kiuno, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Pochi itoe mfuko wa nyuma. Wagonjwa wangu huipuuza, kumbe inainua nyonga upande mmoja na kiuno kinakaa kimepinda safari nzima. Basi likisimama, shuka utembee, hata kama huna haja ya choo.

Ukifika, nakusihi usikimbilie kunyanyua begi. Tembeatembea kwanza, kisha kunja magoti na ulinyanyue likiwa karibu na mwili. Maumivu yakibaki, kanda kwa maji ya moto na uendelee na shughuli nyepesi. Kulala kutwa huzidisha kukaza.

Ila ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma kutoka au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo.