Hataza si kibali cha kuuza

SWALI: Shikamoo Daktari. Nimehitimu bioteknolojia. Kwenye mradi wangu wa mwisho chuoni nilipata bakteria wa jenasi ya Bacillus kutoka udongo wa Kongwa, na kwenye sahani za maabara anazuia kabisa kuvu wanaotoa sumukuvu (aflatoksini) kwenye mahindi. Kuna wakala anasema nikimlipa atanipatia hataza (patent) ya dunia nzima, na nikishaipata niko huru kuuza. Nimwamini? Na wakati nasubiri, naweza kuwauzia wakulima chupa chache nipate mtaji?
M., Dodoma

JIBU: Marahaba. Chupa usiuze hata moja, na huyo wakala usimpe hata senti.

Hataza ya dunia nzima haipo. Lipo ombi la kimataifa chini ya PCT, mkataba wa ushirikiano wa hataza kati ya nchi, linalokupa takriban miezi 30 tangu ombi la kwanza uchague nchi unazozitaka. Kisha kila nchi, au ofisi ya kikanda kama ARIPO ya Harare, huamua yenyewe na kudai ada yake. Ukitaka Tanzania peke yake, unaanzia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ila kwanza ongea na chuo chako, maana kazi iliyofanyika kwenye maabara yao huenda ni mali yao, yote au sehemu. Na kama unafikiria kuonyesha matokeo yako kwenye bango la kongamano, lisubiri: huko Ulaya, ukishatangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuombea hataza, umeupoteza.

Hayo ni mepesi. Linalonichosha, na barua zake haziishi, ni hili la "nikipata hataza niko huru kuuza". Hataza inakupa haki ya kumzuia mwingine asitumie uvumbuzi wako. Haithibitishi kwamba uvumbuzi huo unafanya kazi shambani, wala kwamba haudhuru mtu. Ruhusa ya kuuza kiuatilifu, hata kiwe kijidudu hai, inatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Umeandika "jenasi ya Bacillus". Spishi gani? Bacillus subtilis hutumika kwenye viuatilifu vya kibiolojia. Bacillus cereus, wa jenasi hiyo hiyo, hutapisha na kuharisha watu, na sumu yake ya kutapisha haiharibiki kwa kupikwa. Bado hujui unaye yupi, na tayari unafikiria kumnyunyiza kwenye mahindi ya watu!

Halafu sahani. Pale bakteria wako ana chakula tele, joto lisilobadilika na mpinzani mmoja. Shambani atakuta jua kali, ukame wa katikati ya msimu na maelfu ya vijidudu wenyeji. Kabla hata ya kufika huko, atakaa miezi kwenye duka la pembejeo chini ya bati. Atakuwa hai bado? Hilo ndilo swali linaloua bidhaa nyingi za aina hii, na hakuna wakala wa hataza atakayekuuliza.

Tazama Aflasafe, kiuatilifu cha kibiolojia cha kuzuia sumukuvu. Mtafiti wa Marekani, Peter Cotty, alianza na kuvu wasiotoa sumu kwenye pamba ya Arizona miaka ya 1980. AF36, bidhaa ya kuvu hao, ilisajiliwa Marekani mwaka 2003. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, wakaileta mbinu hiyo Afrika, na kila nchi ikatafutiwa kuvu wake wenyeji. Kenya ilisajili yake 2015, Tanzania 2018. Mkulima anamwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, na wale kuvu wapole wanawahi nafasi ya wale wenye sumu. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu, basi, lakini zilichukua miongo.

Wasiotaka kungoja wapo wengi. Kuna poda zinazouzwa kwenye minada eti "zinaondoa sumukuvu" ghalani. Ubaya wake mkubwa si pesa inayopotea: mwenye kuamini poda haaniki mahindi hadi yakauke vizuri, wala hachambui punje zenye ukungu, na familia inakula. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Kenya mwaka 2004 ilizika watu 125. Dodoma na Manyara, 2016, walikufa wapatao 20.

Kwa hiyo, nanyi wakulima mnaosoma hapa: mkiletewa "dawa ya sumukuvu", ulizeni namba ya usajili ya TPHPA, jina kamili la kijidudu kilichomo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Muuzaji akianza kuwaonyesha cheti cha hataza badala ya hivyo, mwacheni na mzigo wake.