Kama mpangilio ni uleule, kwa nini kimiminika kigeuke kioo?

Mkuu, umeuliza: ikiwa chembe ndani ya kimiminika na ndani ya kioo (yaani kitu kigumu ambacho chembe zake hazijajipanga) zimekaa shaghalabaghala vilevile, nini kinazisimamisha? Wachangiaji hapo juu wamejibu kwamba zinapoa, basi zinapungua kasi. Jibu hilo halitoshi kabisa. Chukua gliserini. Inayeyuka kwenye nyuzi 18 za Selsiasi, lakini ukiipooza bila kuipa nafasi ya kuunda fuwele (chembe zilizojipanga kwa utaratibu), itabaki kimiminika hadi karibu nyuzi 83 chini ya sifuri, ndipo iwe kioo. Katika kushuka huko kasi ya mtikisiko wa molekuli hupungua kwa kama moja ya tano tu. Mnato, yaani ugumu wa kutiririka, je? Unapanda mara mamia ya mabilioni.

Mimi jambo hili nimelitazama kwa hadubini, nikitumia vipira vya plastiki vyenye upana wa mikroni mbili hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vimezama kwenye kimiminika. Hapo hupoozi kitu, unaongeza msongamano. Vipira vikijaza karibu asilimia 58 ya ujazo, tayari una kioo. Faida yake ni kwamba unamwona kila mmoja na vituko vyake. Fuatilia kipira kimoja, chora njia yake, utapata donge la uzi uliosokotana, kisha mstari mfupi, kisha donge jingine. Kwenye donge kipira kimezingirwa na majirani walewale, kinagonga huku na kule bila kuhama zaidi ya sehemu ndogo ya kipenyo chake, na majirani nao wamebanwa na wenzao. Mstari ni pale kizimba hicho cha majirani kilipoachia. Kadiri unavyoikaribia hali ya kioo, kucheza ndani ya kizimba kunaendelea. Kinachorefuka ajabu ni muda wa kungoja kutoka.

Na hakuna anayetoka peke yake. Mwaka 1998 watafiti Claudio Donati, Sharon Glotzer na wenzao walionyesha kwa simulesheni (uigaji wa kompyuta) kwamba chembe zenye kasi hufuatana msururu, kila moja ikishika nafasi iliyoachwa na ya mbele yake. Miaka miwili baadaye Eric Weeks na wenzake waliona kwa hadubini makundi ya vipira vinavyohama pamoja, yakikua kadiri kioo kinavyokaribia. Ndiyo maana kona moja ya picha inachangamka na nyingine imekufa ganzi, kisha baadaye unakuta zimebadilishana. Wastani unaficha yote haya: usambaaji, yaani chembe kuhama huku na kule, unabebwa na chembe zenye haraka, mnato unashikiliwa na zile zilizokwama, kwa hiyo karibu na kioo viwili hivyo haviendi tena sambamba.

Kuhusu chanzo, wataalamu bado wanavutana. Wengine wanatafuta mpangilio uliojificha, wengine wanasema mwendo mahali pamoja ndio unaofungulia mwendo jirani. Kwa niliyoyaona naegemea hao wa pili.

Ukitaka kujionea bila hadubini, endesha simulesheni ya Kob na Andersen ya mwaka 1995: chembe za aina mbili, asilimia 80 kwa 20, kwa sababu aina moja ikiwa peke yake hukimbilia kuunda fuwele. Usiishie kwenye wastani. Paka kila chembe rangi kulingana na umbali iliohama.