Jibu: kupima mavi ya ng'ombe wa malishoni

Ndugu yangu wa Micheweni, umeuliza utajuaje ng'ombe anaefungwa kamba malishoni anatoa mavi kiasi gani kwa siku bila kumvisha mfuko. Mpe titani daioksaidi, ni unga mweupe, haisagiki tumboni, inatoka kama ilivyoingia. Gramu 10 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni, ndani ya tonge la pumba, na usiondoke mpaka umuone kameza maana likianguka hata kidogo hesabu ishaharibika. Siku 7 mpaka 10 za mwanzo usichukue mavi, halafu siku 5 vaa glavu uyatoe ndani ya mkundu, yalioanguka chini yana mchanga, kausha upeleke maabara wapime titani. Wakikwambia miligramu 4 za titani daioksaidi kwa gramu ya mavi makavu, basi zile gramu 10 ni miligramu 10,000, gawa kwa 4 unapata gramu 2,500, kilo 2 na nusu makavu kwa siku hizo.